Tairi Katika Mtumbwi wa Pombe

Watu wa Nshamba waliomjua Datius Mutembei hawaanzi habari zake kwa lori, ingawa lori ndilo lililompa jina. Huanza kwa kitambaa. Alikuwa nacho kila siku, cheupe, kimekunjwa vizuri katika mfuko wa shati. Alikitumia kufuta kiti kabla ya kuketi na ukingo wa kikombe kabla ya kunywa. Ukimpa mkono, alisubiri ugeuke ndipo akifute kiganja chake. Mara nyingine hakusubiri.

Habari hii ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali akitawala Tanganyika, na kahawa ikiwa na bei iliyowawezesha wakulima wachache kuacha baiskeli na kununua magari. Nimeipata kwa watu watatu: Buberwa, mdogo wake Mutembei; Shaban, fundi wa matairi wa mjini Bukoba; na Kokuberwa, binti wa Mushumbusi wa Ijumbi, ambaye Mutembei alikuwa akimchumbia. Hawakubaliani katika kila jambo. Buberwa anasema msumari ulikuwa wa sanduku la samaki. Kokuberwa alisikia kwamba ulikuwa wa kiatu. Kuhusu uvundo, wale wawili waliounusa wanasema jambo moja.

Lori la Mutembei lilikuwa dogo, la mitumba, na lilibeba kahawa kutoka Nshamba kwenda Bukoba. Lilirudi na chumvi, vitambaa na mafuta ya taa, na mara nyingine samaki kutoka ufukoni. Mutembei aliwachukia samaki wale, lakini hakupenda lori kurudi tupu. Barabara ilikuwa ya mawe makali, na pancha haikuwa ajabu. Tairi likitoboka, lilipelekwa kwa Shaban, katika banda lake la mabati njiani kuelekea Hamugembe.

Banda hilo halikuwa mahali pa mtu mwenye kinyaa. Moshi wa mpira ulioungua uliganda ukutani kama masizi ya jikoni. Katikati palikuwa na karai la maji ya kutafutia tundu, na maji hayo, kwa maelezo ya Shaban mwenyewe, hayakubadilishwa bali yaliongezwa. Juu yake palitanda utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, na nzi waliozama waliachwa humo humo. Shaban, ambaye babu yake alitoka pwani, alitafuna tambuu kuanzia asubuhi. Baada ya kubandika kiraka na kujaza upepo, aliinamia valvu, akaitemea, akayasambaza mate kwa ncha ya kidole, kisha akatazama kama yanatoa povu. Mate yake yalikuwa mekundu.

Siku Mutembei alipoliona jambo hilo kwa karibu mara ya kwanza, alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Shaban, huna maji?"

"Maji ya tundu la mpira ni yale pale, bwana mkubwa. Maji ya valvu ni haya." Akajigusa mdomo.

"Hayo si maji."

"Basi ni nini? Maziwa?"

Watu waliokuwa wakisubiri magurudumu yao wakacheka. Mutembei akatoa kitambaa, akaifuta valvu, akakitazama kitambaa kilivyobadilika rangi, akakitupa nje barabarani.

"Mwacheni," Shaban akawaambia wenzake. "Huyu akioa, atamchemsha bibi arusi kwanza."

Maneno hayo yalimchoma Mutembei kuliko alivyoonyesha, kwa sababu wakati huo alikuwa amekwisha kupeleka posa Ijumbi. Alilipakia gurudumu lake, akaondoka, na kabla ya kutoka mjini akanunua vifaa vyake mwenyewe: jeki, vyuma vya kubandulia tairi, pampu ya mkono, viraka na solusheni ya kuvibandikia. Alimwambia Buberwa kwamba kuanzia siku ile tairi lolote la lori lile lingetolewa nyumbani, kwa mikono iliyonawa.

Hapa inafaa kueleza kwa nini Kokuberwa alikubali kuchumbiwa naye. Siku moja Mutembei alimpa lifti kutoka misheni, naye Kokuberwa akiwa amembeba mtoto wa dada yake aliyekuwa na homa. Kabla hajapanda, Mutembei alikifuta kiti chote kwa kitambaa chake, polepole, mpaka pembeni. "Hakuna mwanamume aliyewahi kunifutia kiti," Kokuberwa aliniambia. "Nilisema moyoni, huyu anajua kuheshimu mtu." Aliposhuka Ijumbi aligeuka kumshukuru, akamwona anakifuta tena kiti kile, pale alipokuwa ameketi. Hilo alilikumbuka, lakini wakati ule alilitafutia sababu: labda mtoto alikuwa ameacha uchafu.

Mushumbusi, baba yake, hakuwa na pingamizi. Lilibaki sharti ambalo katika nyumba yake halikuwa na njia ya mkato: mchumba alete pombe ya ndizi iliyotengenezwa nyumbani kwake mwenyewe, wazee wainywe, ndipo siku ya ndoa itajwe. Pombe ya kununua haikupokelewa, wala ya kuazima. Ndizi za Mutembei zikaivishwa. Mtumbwi wa pombe, ule mti mrefu uliochongwa na kutobolewa tumbo ambao Wahaya huuita obwato, ukashushwa na kusuguliwa. Siku ya kuamkia kukanyaga ndizi ukajazwa maji safi ya chemchemi, mti unywe na kuvimba ili nyufa zijifunge.

Siku hiyo hiyo lori lilirudi kutoka Bukoba likichechemea. Mutembei alikuwa amepita ufukoni, mahali wanapopasulia samaki, na gurudumu la nyuma lilikuwa limekanyaga msumari. Bila lori, vibuyu na wazee wasingefika Ijumbi.

Buberwa, ambaye hakuwa na kinyaa cha kitu chochote na alijivunia hilo, alitoa ushauri wa kawaida.

"Kaka, lori la wenzetu linapita sasa hivi kwenda mjini. Tulipakie gurudumu humo, Shaban alizibe, jioni linarudi."

"Sitaki mate ya Shaban."

"Anaitemea valvu. Hakutemei wewe."

"Valvu ni yangu."

"Shaban analitoa tairi kabla hujamaliza kumsalimu. Sisi tutahangaika nalo mpaka kesho."

"Tutahangaika tukiwa safi," akasema Mutembei, akavua shati, akalitundika mbali kwenye mti wa kahawa.

Safi hawakuwa kwa muda mrefu. Waliliinua lori kwa jeki, wakalitoa gurudumu, wakalilaza uani. Tope la barabara lilikuwa limechanganyika na kinyesi cha ng'ombe na magamba ya samaki, likakaukia katika kila mfereji wa tairi. Lile lililokuwa bichi lilinata mikononi. Ukingo wa tairi ulikuwa umegandana na rimu kwa kutu. Vyuma vya kubandulia viliteleza, kimoja kikamchubua Buberwa kidole. Wakapaka sabuni, wakapigilia kwa mchi wa kutwangia, na tairi halikujali. Hatimaye Buberwa akawaita majirani, wanaume wa kibanja cha pili, wakapanda juu yake wakashikana mabega na kuanza kulikanyaga kwa visigino, kwa mwendo ule ule wa kukanyaga ndizi.

"Hili haliivi!" mmoja wao akapiga kelele.

"Ongeza nyasi!"

"Ongeza mtama! Litatoa juisi tu!"

Na kweli likatoa. Ukingo uliachia ghafla, na ndani ya tairi yakamwagika maji meusi yaliyokuwa yamefungiwa humo, nani ajuaye, tangu masika yaliyopita. Buberwa anasema yalinuka kama yai viza lililovunjiwa ndani ya kiatu. Yalikuwa mazito, yenye nyuzi, na ndani yake mlikuwa na vipande laini vya kitu kilichowahi kuwa na manyoya. Yalimrukia Mutembei kifuani na kwenye ndevu. Alisimama mikono imetanuka, asijue aguse wapi. Kisha akatapika papo hapo, na kutapika mbele za watu kukamfanya atapike tena.

"Nenda ukaoge, kaka," Buberwa akamwambia. "Sisi tutamaliza."

Mutembei akashuka chemchemini. Alijisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majani, na aliporudi ngozi yake ilikuwa nyekundu. Uani aliwakuta wanaume wamekusanyika upande wa pili wa nyumba, wameinama, wanashangilia.

"Lile pale! Povu lile pale!"

Walikuwa wameuzamisha mpira wa ndani katika mtumbwi wa pombe.

Nilimuuliza Buberwa, zaidi ya mara moja, alikuwa akifikiri nini. Jibu lake halikubadilika. Beseni la nyumbani lilikuwa dogo, mpira haukuenea humo. Mtumbwi ulikuwa mrefu, umejaa maji, uko karibu. Ulikuwa chombo kizuri kuliko karai la Shaban. Mikono ilikuwa imekwisha kuuingiza mpira kabla akili haijafika. Maji ya chemchemi yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya mkaa. Nyuzi zile zilielea juu yake, na magamba ya samaki yalimeremeta chini, yamebanana katika nyufa za mti zilizokuwa zikivimba kuyafungia humo.

Mutembei alisimama akitazama. Majirani wakaitoa mikono majini, kwa kuwa nao sasa waliona.

"Tutaosha," akasema Buberwa.

Hapo ndipo Mutembei alikuwa na njia mbili. Lwakatare, mzee wa jirani aliyekuwa msemaji wake katika uchumba, alikuwa na mtumbwi mzuri na asingemnyima. Pombe ingekuwa bado ya ndizi zake, imekanyagwa na watu wake. Lakini ili auazime angepaswa kueleza wake una nini, na Lwakatare hakuwa mtu wa kubana maneno. Kicheko kingefika Ijumbi kabla ya pombe. Shaban angekisikia. Mwenye kitambaa cheupe amelikogesha tairi katika mtumbwi wa posa!

"Mwageni," akasema. "Sugueni kwa majivu. Na mwenye kulitaja jambo hili asikanyage tena kwangu."

Wakausugua. Jioni Mutembei akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya mtumbwi, akanusa. Buberwa aliuona uso wake ulipotoka. Alijifuta pua kwa kitambaa, akaingia ndani. Kesho yake ndizi zilimiminwa humo, wanaume wakazikanyaga pamoja na nyasi, juisi ikachujwa, ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba ilale na kuchacha. Siku zote za pombe Mutembei ndiye aliyekuwa akichovya kidole kwanza kuonja utamu. Safari hii alisimama kando ya mti wa kahawa, mikono nyuma, akiwahimiza wenzake waongeze mtama.

Ijumbi walipokelewa vizuri. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, na wazee walikaa wakitafuna buni za kahawa. Vibuyu vikaingizwa na kupangwa mbele ya Mushumbusi. Wanawake walikuwa nyuma ya kizuizi cha matete, Kokuberwa miongoni mwao, jicho lake kwenye upenyo. Lwakatare alisema maneno yake ya heshima, akajaza kata, akainua ili aonje, kama ilivyo desturi kwamba mwenye kuleta pombe huinywa kwanza mbele ya wenyeji.

"Ngoja, waitu," akasema Mushumbusi kwa heshima. "Wewe una mdomo wa kusema. Hapa kwangu huonja mwenye mtumbwi."

Lwakatare akacheka, akampa Mutembei kata. "Kunywa, kijana. Kesho utakunywa ya kwao."

Mutembei akaipokea kwa mikono miwili. Akaigusisha mdomoni, akaiinua, akaishusha.

"Ni nzuri, Tata, baba yangu," akasema.

"Koo lako halikusogea," akasema Mushumbusi.

Wazee wakacheka. Mmoja akasema vijana wa malori hunywa kama ndege. Mutembei akanyanyua kata tena, na mara hii akaijaza kinywa. Mashavu yakatuna. Kokuberwa anakumbuka macho yake: yalitoka machozi, yakaangalia mlango, yakaangalia dari, na koo halikusogea. Kisha akageuza kichwa, akaitema pombe yote juu ya nyasi za nyumba ya baba mkwe wake.

Hakuna aliyecheka. Kutema nyumbani mwa mtu ni tusi, na kuitema pombe ya posa halikuwa jambo ambalo hata wazee wale walikuwa na jina lake.

"Kuna nini humu?" Mushumbusi akauliza.

"Hakuna kitu, Tata. Ni tumbo langu. Kunyweni tu."

"Tumbo lako lilianza lini?"

"Leo asubuhi, waitu. Kunyweni, msiningoje."

Ndipo Buberwa, ambaye tangu waingie alikuwa hawezi kukaa akatulia, akaropoka. "Msinywe, Tata. Ni mpira."

"Mpira gani?"

"Wa lori."

"Mmeleta lori ndani ya kibuyu?"

"Tuliuzamisha kwenye mtumbwi kutafuta tundu. Tuliosha! Lakini kuna yale maji ya ndani ya tairi, na kile kitu cha manyoya…"

Mzee aliyekuwa karibu na kibuyu akajisogeza. Mushumbusi akainama, akanusa mdomo wa kibuyu, kisha akaitema mkononi kahawa aliyokuwa akiitafuna kana kwamba nayo ilikuwa imeharibika.

"Ulijua?" akamuuliza Mutembei.

Mutembei alikuwa ametoa kitambaa na anajifuta ulimi. Hilo ndilo jibu lililoonekana.

Lwakatare alijitahidi. Alisema kosa ni la mdogo mtu, kijana ana lori, ni msafi kuliko wote wa Nshamba, wampe nafasi alete nyingine. Mushumbusi hakuwa mtu mkali. Yamkini angekubali baada ya kumlaumu vya kutosha. Lakini alisema lazima binti mwenyewe aulizwe, na Kokuberwa akatoka nyuma ya matete kabla hajaitwa.

"Msafi?" akasema. "Baba, kinyaa cha huyu kinaishia mdomoni mwake. Cha kwenu hakimhusu."

"Kokuberwa," Mutembei akaanza, "nilikuwa nataka tu…"

"Ulinifutia kiti. Nikashuka, ukakifuta tena. Nilikuona. Nimejidanganya muda wote huu kwamba ulikuwa unafuta uchafu wa mtoto." Akakielekezea kidole kibuyu. "Baba yangu ungemnywesha hiki, ukasimama pembeni, ukamwambia ongeza. Na mimi ungenipikisha nini?"

Pombe ikamwagwa nje, kwenye shimo la takataka, na vibuyu vikarudishwa vitupu. Kokuberwa anasema kuku waliokuwa shimoni waliondoka. Hili la kuku silichukulii kuwa la hakika, lakini alilisema kwa namna ya mtu ambaye bado ananusa. Mwaka uliofuata aliolewa na mkulima wa Ijumbi hapo hapo, mtu wa mikono michafu ya kahawa, na hakuwahi kupanda tena lori la Mutembei.

Mtumbwi ule haukutengenezewa pombe tena. Majirani wote walikuwa wameapa kunyamaza, na wote walisema. Mutembei alitaka uchomwe moto. Buberwa alikataa, akautumia kunyweshea mbuzi, nao mbuzi, tofauti na kuku, hawakulalamika. Vyuma vya kubandulia tairi vilishika kutu chini ya kiti cha lori. Pancha iliyofuata ilipotokea, ambayo ilitokea karibu na Bukoba, Mutembei hakuwa na pa kwenda ila kwenye banda lile lile la mabati.

Habari ilikuwa imemtangulia, kwa kuwa ilipanda malori ya kahawa. Shaban alilipokea gurudumu bila mzaha, jambo ambalo wateja wake walilishangaa. Alilibandua tairi kwa mikono miwili ya haraka, akauzamisha mpira katika karai lenye nzi, akalipata tundu, akaliziba, akajaza upepo. Mutembei alisimama mlangoni, kitambaa puani. Ilipofika zamu ya valvu, Shaban hakuinama. Aliunyanyua mpira, akamnyooshea Mutembei.

"Tema mwenyewe."

"Nini?"

"Mate yangu unayaonea kinyaa. Haya, tema yako. Au hayo nayo ni ya kuwapa wengine?"

Mutembei akaangalia huku na huku, akatafuta pa kuweka kitambaa chake, akakosa, akakishika kwa vidole viwili. Akainama. Kinywa kilikuwa kikavu, akajaribu tena, na Shaban akauzungusha mpira kidogo ili valvu imkae sawa. Mate yakaanguka, meupe, yakatulia juu ya tundu la chuma. Wote wawili wakayainamia. Povu dogo likafura, likapasuka, likafura tena.

"Inavuja," akasema Shaban. "Ngoja nikaze."